Pipa Nililoliosha kwa Sabuni

Jumapili, 12 Oktoba 1997. Kola.

Nimeua pipa. Afadhali niandike hivyo hivyo kabla sijaanza kujitetea.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu mama mkwe wangu husoma Kikamba tu, tena ana mkono mwepesi wa kupekua. Daftari nimelitoa shule ya chekechea ninakofundisha, na litakaa chini ya godoro mpaka Desemba. Tarehe ishirini Desemba, Mungu akipenda, watu wa mume wangu watapeleka mbuzi na pombe ya asali kwa wazazi wangu Katangi. Hiyo ndiyo ntheo. Bila ntheo mwanamke wa Kikamba ni mgeni aliyekawia kuondoka, na mimi nimekawia miaka kumi na moja. Nina watoto wawili hapa, lakini nikifa leo nitarudishwa kuzikwa kwetu.

Sasa, pipa. Jamaa ya mume wangu inajulikana kutoka hapa hadi Machakos mjini kwa pombe yao ya asali. Wengine huichachusha kwenye kibuyu. Wao hutumia pipa lililochongwa kwa gogo zima la mti wa mukau, juu na chini ngozi. Mpishi ni mama mkwe, Katunge, lakini mwaka huu mkono wake wa kulia umekufa ganzi na kazi imeniangukia mimi. Yaani ninajipikia pombe ya kuolewa kwangu! Nilicheka peke yangu jikoni.

Jana nililiteremsha pipa kutoka darini. Ndani kulikuwa na utando mweusi unaonata. Nikaona aibu kwa niaba ya ukoo mzima. Nikachemsha maji, nikatia sabuni ya unga vijiko vinne, nikasugua kwa brashi mpaka mbao zikawa nyeupe. Nikalianika juani, nikaketi nikijipongeza.

Mama mkwe alikuja, akainama, akanusa mdomo wa pipa. Hakupiga kelele.

"Ndanu, umeosha na nini?"

Nikamwambia.

"Ule weusi ndio ulikuwa unapika," akasema. "Mimi nilikuwa nasaidia tu."

Akaingia ndani, akafunga mlango.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimejaza pipa maji, nikatia asali kidogo na tunda la mwatine, lile kavu tunalotumia kama hamira. Nijaribu. Huenda Mama anatia chumvi.

Ijumaa, 17 Oktoba

Hakutia chumvi. Povu limepanda kama la siku ya kufua. Nimeonja, nimetema. Nimewamwagia kuku makapi, nao wameyazunguka tu.

Jumamosi, 18 Oktoba

Mume wangu, Mbithi, amerudi kutoka mjini. Ni fundi wa magari, na kila tatizo kwake lina spea.

"Tununue tu mtungi ya plastiki," akasema. "Iko Machakos imejaa."

"Mimi sitabeba plastiki kwenda kwa watu," mama yake akamjibu. "Hiyo ni ya maji ya kunywesha ng'ombe."

"Basi tuahirishe. Mwaka ujao."

Mwaka ujao. Neno hilo nimelisikia mwaka baada ya mwaka, na kila mara husemwa kwa upole, kama anayekufunika blanketi.

Kumbe kaka yangu, Muli, alikuwa njiani. Alifika saa kumi na habari za Baba. Hospitali wamemrudisha nyumbani. Tumbo limevimba, na daktari amemwambia Muli kando yale ambayo madaktari huwaambia watu kando. "Baba amesema atangoja Desemba," Muli akasema. "Hakusema atangoja zaidi."

Nikamtazama Mbithi. Akatazama viatu vyake.

Kwa hiyo hakuna mwaka ujao. Kuna fundi mmoja tu aliyebaki wa mapipa haya, Mzee Muindi wa Kalama. Yeye, na kabla yake baba yake, ndio waliochonga kila pipa lililowahi kuingia nyumba hii. Mama mkwe anasema ana miaka themanini, hasikii la mtu na haoni vizuri. Jumatatu naenda.

Jumatatu, 20 Oktoba

Nimepanda kilima na pipa mgongoni kwa kamba ya kichwa, kama kuni. Mzee Muindi alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya karakana yake, macho yana ukungu mweupe. Hakuniuliza mimi ni nani mpaka alipopapasa pipa.

"Hili ni la Katunge. Nililichonga mwaka alipoletwa. Sitini na moja." Akaingiza kichwa ndani, akanusa. Akakitoa. Akavua kofia kama mtu aliyefika matangani. "Nani?"

"Ni mimi, Mzee. Sikujua."

"Hakuna mtu alikwambia?"

"Hakuna."

"Basi ni kosa ya wengi," akasema, "lakini kazi ni yako." Nilipomwomba anichongee jingine alitikisa kichwa. Mikono iko, alisema, macho hayako. Gogo kavu analo moja tu. Mtu asiyeona akikosea pigo moja ameliharibu.

"Mimi nina macho," nikasema.

"Na mikono?"

"Na mikono."

Alicheka mpaka akakohoa. Wanawake hawashiki tezo, alisema. Lakini alipomaliza kukohoa hakurudia kukataa. Alinipa masharti. Nije kila siku baada ya shule. Nichonge pale tu kiganja chake kinapoonyesha. Na pipa likiiva, kikombe cha kwanza ni chake. Ndivyo ilivyokuwa tangu babu yake: hakuna aonjaye pombe ya pipa jipya kabla ya fundi, hata awe chifu.

"Aliyeua ndiye atazaa," akasema. Sikujua kama ni methali au ameitunga papo hapo.

Alhamisi, 23 Oktoba

Malengelenge manne. Tezo ina akili yake.

Jumapili, 26 Oktoba

Mvua imeanza. Kanisani walishangilia.

Jumatano, 29 Oktoba

Mvua. Mzee Muindi ni mtu mgumu, acha niseme. Hasifu. Anapapasa nilipochonga, anasema "Hapa umeogopa," au "Hapa umekasirika," nami narudia. Leo nimechonga saa mbili nzima nikidhani naenda vizuri. Akapapasa, akasema, "Hapa ulikuwa unafikiria kitu ingine." Nilikuwa namfikiria Baba. Nilimchukia kwa kujua.

Jumapili, 2 Novemba

Baada ya ibada kina mama wawili waliniuliza kama ni kweli nimeacha ualimu nikawa seremala. Nikawaambia nimeongeza tu. Mama mkwe alikuwa karibu, akasikia, hakunitetea. Hajanisemesha vizuri tangu siku ya sabuni. Nafikiri hakutaka ntheo hii kamwe.

Jumatatu. Mvua.

Jumanne. Mvua.

Jumatano. Mvua. Choo cha jirani kimezama. Redio inasema mvua hii ina jina, Elnino, na itakaa.

Jumamosi, 8 Novemba

Naandika na nguo bado zinadondosha maji.

Gogo limepasuka. Tulikuwa tumelitoboa kutoka mwisho hadi mwisho, ukuta umebaki unene wa vidole viwili, na lilihitaji kukauka polepole kivulini, siku kwa siku. Lakini ni kivuli gani hiki chenye ukungu? Kila asubuhi niligusa mbao nikakuta bado zina baridi. Nikahesabu siku. Jana Mzee alipokwenda kuona mgonjwa, nikalisogeza gogo karibu na moto. Kidogo tu. Nikasema nalisaidia.

Leo nimekuta ufa kutoka juu hadi chini. Vidole vyangu vinapita.

Sikumficha. Nilichukua mkono wake nikauweka juu ya ufa. Aliufuata wote, taratibu, mpaka mwisho.

"Umelikimbiza," akasema.

"Baba yangu anakufa, Mzee."

"Najua. Na mti unajua hivyo?" Akageukia ukutani. "Nenda nyumbani, mama."

Nimelia njia nzima. Mvua ilinisaidia, hakuna aliyeona. Nimeharibu mapipa mawili ndani ya mwezi mmoja, la kwanza kwa usafi na la pili kwa haraka, na mara zote mbili nilidhani nafanya vyema. Nyumbani nilimkuta mama mkwe mlangoni. Aliniangalia, akajua. Aliniwekea uji. Sikuunywa.

Jumapili, 9 Novemba

Nimeamua. Nitarudi Kalama kesho. Akinifukuza nitarudi keshokutwa. Nilikuja hapa na begi moja bila kuposwa, nikavumilia. Mzee mmoja hanishindi.

Jumatatu, 10 Novemba

"Nilisema nenda nyumbani."

"Nilienda. Nimerudi."

Nikakaa nikanoa tezo zake zote, moja baada ya nyingine, mpaka jioni.

Jumanne, 11 Novemba

Nimenoa patasi. Nimefagia. Nimepika chai. Alikunywa chai.

Jumatano, 12 Novemba

Leo nilipofika alikuwa ameketi na mzinga mkubwa wa nyuki mbele yake, umechakaa na kuwa mweusi kwa miaka. Uso wake umevimba, jicho moja limefunga kabisa, na midomo imekuwa minene.

"Mzee, umefanyaje?"

"Nilianguka. Hapa, shika. Huu ni mukau. Ulikaa juu ya mti miaka ishirini na mbili, umekauka kuliko mimi. Nyuki walihama na mvua. Mzinga ni pipa ambalo halijijui. Panua tumbo, lainisha mdomo."

Sikuwahi kuufikiria. Gogo ni lile lile, tundu ni lile lile. Miaka yote hii watu wanaazima plastiki na dawa iko mitini kwao! Nilitaka kumkumbatia. Sikuthubutu, nikachukua tezo.

Alhamisi, 13 Novemba

Nyuki hawakuhama.

Nilipokuwa nakwangua ndani nilikuta masega mabichi, na ndani ya masega majana, wale watoto weupe wa nyuki. Mzinga uliohamwa hauna watoto. Alipanda, au alipandishwa, kipofu wa miaka themanini, akawafukiza nyuki wake mwenyewe kutoka mzinga wake bora, mvua ikinyesha. Hakuanguka popote. Waliuma uso wake wote.

Nilikusanya masega nikayaweka kando kwa heshima. Yeye akapapasa nilipokwangua, akasema, "Hapa uko sawa." Ndiyo sifa ya kwanza mwezi huu, na nilishindwa kuifurahia kwa sababu nilikuwa nautazama uso wake.

Nilimwita mtu mgumu. Nilikuwa mjinga.

Jumamosi, 22 Novemba

Mjini kutafuta ngozi. Karibu na soko la mifugo yuko mfanyabiashara Msomali, Dayib, mwenye ngozi nzuri za mbuzi. Nilimwambia nataka ya kufunikia pipa la asali. Akanitazama na tabasamu.

"Asali tu, mama?"

Nikaona haya. Mtu wa dini yake, na mimi namdanganya mchana kweupe. "Hapana. Ni pombe ya ntheo yangu."

"Mimi nauza ngozi," akasema. "Wewe unaweka nini ndani, hiyo ni yako na Mungu. Chukua hii, haina tobo. Na baba yako apone."

Nilikuwa nimemwambia habari za Baba bila kujua. Siku hizi namwambia kila mtu.

Jumamosi, 29 Novemba

Pipa limekamilika. Ngozi imekauka, imekaza, ukiipiga inalia. Nimelibeba kutoka Kalama hadi Kola. Matope yalifika magotini, mara mbili nikaketi chini bila kupenda. Mbithi alinikuta njiani, amerudi mapema. Alitaka kulibeba nikamkatalia, kisha nikaona nafanya ujinga, nikampa. Alilipapasa njia nzima. "Hii ni wewe umefanya?" akauliza mara tatu. Mara ya tatu nikaona ni swali la kweli, si mzaha.

Nimelijaza leo leo. Asali yote tuliyokuwa nayo, maji, na tunda la mwatine.

Jumanne, 2 Desemba

Linachemka lenyewe polepole. Nimeweka sikio. Linanong'ona.

Ijumaa, 5 Desemba

Mzee Muindi ameletwa kwa punda kunywa kikombe chake. Watu wa nyumbani walisimama kumzunguka. Alinusa, akanywa funda moja, akalizungusha mdomoni, akameza.

"Mwageni."

Mbithi alidhani hakusikia vizuri.

"Mwageni yote. Pipa mpya linakunywa kwanza. Hii ya kwanza ni yake, si ya watu. Mkiipeleka hivi, huko Katangi watasema mmeleta maji ya mti."

Niliomba nionje. Alikubali, fundi ameshatangulia. Ilikuwa kali mwanzoni na chungu mwishoni, lakini si mbaya. Nilijua ningeweza kuipeleka, na kwamba wengi wasingetambua. Siku kumi na tano zimebaki, asali imeisha kabisa, na mvua hii nyuki hawaruki. Kila mtu aliniangalia, kwa kuwa mimi ndiye mpishi.

Nikaliinamisha pipa mwenyewe. Pombe ikaenda na maji ya mvua mpaka chini ya migomba. Sikulia. Nilikuwa nimeshakimbiza kitu kimoja, nikaona kilivyopasuka.

Kisha mama mkwe akaingia chumbani kwake. Tulisikia kitanda kikiburutwa. Akatoka na mkono wake mmoja mzima, anakokota debe. Debe zima la asali, nyeusi, nzito, limefungwa kwa nta.

"Mwaitu, hii imetoka wapi?" Mbithi akamuuliza mama yake.

"Hii niliweka ya ntheo yako mwaka Ndanu alikuja na begi. Asali haiozi." Akamtazama mwanawe. "Nimengoja uniulize. Miaka kumi na moja hujauliza."

Mbithi akainama, akamsaidia kubeba debe. Kumbe nililala miaka yote hiyo chini ya paa moja na asali yangu, nikimwazia mabaya mwenye kuitunza.

Jumatatu, 8 Desemba

Kibali cha chifu cha pombe ya sherehe kimetoka. Nimejaza pipa mara ya pili. Mama mkwe alikaa karibu akinielekeza kwa fimbo. Tumeongea mpaka chai ikapoa.

Jumatatu, 15 Desemba

Muli ametuma ujumbe kupitia dereva wa lori. Daraja la njia ya Katangi limekwenda na maji. Baba hali chakula tena, anamumunya tu uji.

Nilimngoja Mbithi aseme lile neno lake, mwaka ujao. Nilikuwa tayari kabisa, nimeshapanga nitakalomjibu. Akajikuna kichwa. "Tutazunguka Matuu," akasema. "Bosi wangu ataniazima lori. Likikwama nitatengeneza. Hiyo ndiyo kazi naweza."

Jibu langu limebaki bila kazi.

Jumatano, 17 Desemba

Fundi amekunywa kikombe chake. Akanyoosha mkono kumtafuta mama mkwe. "Katunge," akasema, "sasa uko na mtu."

Kwangu alisema tu kwamba na yeye anaenda Katangi, na mtu asijaribu kumzuia.

Jumapili, 21 Desemba. Katangi.

Tulitoka Ijumaa alfajiri, tukafika jana saa nane mchana. Mbuzi watatu, wazee wanne, mama mkwe mbele na dereva, na Mzee Muindi nyuma ameketi na pipa katikati ya miguu yake. Lori lilikwama mara tano. Mbithi alilala chini ya lile lori ndani ya matope mara zote tano, na sijamsikia akilalamika.

Baba yuko hai. Niandike hilo kwanza. Yuko hai, ingawa nilipomwona nilishika mlango. Walimtoa nje wakamwegemeza kwa mito, blanketi mpaka kifuani. Alivaa koti lake la Jumapili, na lilikuwa la mtu mkubwa kuliko yeye.

Wazee wakasalimiana, wakazungumza maneno yao ya kuzunguka. Mbuzi wakapokelewa. Muli akamimina pombe kwenye kikombe cha kibuyu, akampa Baba. Wote wakangoja anywe. Hakunywa. Alikishika kwa mikono miwili, akaniita mbele.

"Ndanu." Sauti ilikuwa ndogo, watu wakaacha hata kukohoa. "Hii pombe nikiikunywa imeenda. Hairudi tena. Sasa nauliza wewe. Nikunywe, ama niwache?"

Sikuwa nimelifikiria swali hili. Kweli kabisa. Miezi miwili nimefikiria mti, ngozi, asali, mvua, daraja na tumbo la baba yangu, wala sikukumbuka kwamba siku ya ntheo msichana huulizwa, na kwamba wazee hawana ruhusa ya kugusa kitu mpaka ajibu. Nilipoondoka nyumbani nikiwa na miaka ishirini na moja hakuna aliyeniuliza. Nilimfuata mtu. Tangu hapo nilidhani kitu ninachokosa ni mbuzi. Sasa nimesimama mbele ya watu, mama wa watoto wawili, viganja vigumu kama vya fundi, na ninaweza kusema hapana, na hapana yangu ingesikilizwa.

Nikamgeukia Mbithi. Matope yalikuwa yamemkaukia shingoni, na alikuwa anaogopa, si kwa mchezo. Hajawahi kuogopa kunikosa. Nilimpenda sana dakika ile, na nilimwacha aogope kidogo. Miaka kumi na moja kwa dakika moja, sidhani nimemdhulumu. Mama mkwe aliinamisha kichwa. Wazee wakatazamana.

"Kunywa, Baba," nikasema. "Nimeipika mimi."

Baba, ambaye tangu wiki iliyopita hali chakula, alikunywa kikombe chote bila kupumzika, akakinyoosha kwa Muli aongezewe.